Koti la Nyani Liko Kazini

Hebu fumbeni macho kidogo, wanangu. Na ninyi wakubwa mlioegemea ukuta pale nyuma, fumbeni pia. Hakuna atakayewaona.

Mmefumba? Sasa oneni chumba. Ndani ya chumba kuna meza. Nyuma ya meza kuna kiti. Na kwenye kiti limekaa koti. Koti tu. Halina kichwa, halina miguu. Mikono yake imening'inia, mmoja huku, mmoja huku. Mbele yake kuna kisahani cha karanga. Na nje ya mlango, juani, kuna foleni ndefu ya wanyama wenye kiu. Wanalisubiri koti lile liwahudumie.

Naona kuna wanaocheka. Chekeni tu, ila msifumbue bado.

Paukwa!

— Pakawa!

Kwenye kiti kuna nini?

— Kuna koti!

Ndani ya koti kuna nani?

— Hakuna mtu!

Na mwenyewe yuko wapi?

— Yupo! Ametoka kidogo!

Haya, nusu ya hadithi mmeshaijua. Fumbueni macho, niwape nusu iliyobaki.

Hapo kale, kale ile wanyama walipokuwa na ofisi zao, kulikuwa na mbuga iliyoitwa Kikavuni. Mbuga ile haikuwa na mto wa kutegemewa. Ilikuwa na kisima kimoja, kirefu, chenye maji matamu. Juu ya kisima palikuwa na kifuniko cha jiwe, ili watoto wasitumbukie. Kifuniko kilitaka shingo nene ya kukisukuma. Kamba ya ndoo ilitaka vidole vya kuivuta. Na mnajua wanyama wengi wa mbugani wana kwato. Kwato hazishiki kamba.

Basi wakaunda Idara ya Kisima. Ngiri, mwenye shingo nene na pembe za mdomoni, akaajiriwa kusukuma kifuniko. Nyani, mwenye vidole, akaajiriwa kuvuta kamba. Kasuku akawekwa mapokezi, kwa sababu anajua kusema. Na Kifaru akawa Mkurugenzi.

Kifaru alikuwa mpole. Alikuwa mwaminifu. Lakini macho yake, wanangu, yalikuwa mabovu. Ukisimama mbali kidogo, anakuona kichuguu. Ukisogea, anakuona kichuguu kinachosogea. Pua yake, hiyo sasa, ilikuwa pua kwelikweli. Alijua kila mnyama kwa harufu. Nuuf! Huyu Pundamilia. Nuuf! Huyu Mbuni, na jana alikula nyasi chungu.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Asubuhi Ngiri anasukuma kifuniko: gruu! Nyani anatupa ndoo: chubwi! Nyani anavuta kamba: kriii, kriii, kriii. Maji yanatoka. Wanyama wanakunywa, wanaondoka. Kesho tena gruu, chubwi, kriii.

Siku moja kukawa na mkutano. Pundamilia akasimama, akakohoa, akasema, "Mkurugenzi, tuna swali. Unajuaje kama watumishi wako wanafanya kazi?"

Kifaru akasema, "Si maji yapo? Umekunywa leo?"

"Nimekunywa."

"Basi."

Pundamilia akatikisa kichwa. "Maji ni maji, Mkurugenzi. Sisi tunataka kipimo."

Wanyama wote wakapiga kwato chini. "Kipimo! Kipimo!" Hata waliokuwa na midomo bado imelowa maji wakapiga kelele, "Kipimo!"

Kifaru akarudi ofisini. Akawaza. Akawaza mpaka pembe ikamuuma. Mwisho akasema, "Nimepata. Mtumishi akiwa kwenye kiti chake, yuko kazini. Asipokuwa kwenye kiti chake, hayuko kazini. Nitapita asubuhi, nitapita jioni. Nitanusa viti."

Sasa sikilizeni kosa lilivyoanza.

Asubuhi ya kwanza ya kunusa viti, kulikuwa na joto. Nyani alifika, akavua koti lake, akalitundika kwenye kiti. Mara akasikia ndege wanaimba kule kwenye mkondo mkavu wa mto: mizambarau imeiva! Nyani akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akatoka, tii, kimyakimya, akaenda zake kula zambarau. Koti akaliacha.

Ngiri yeye alikuwa kisimani. Alikuwa amekishika kifuniko kwa mabega, akimngoja Nyani aje avute kamba.

Kifaru akapita. Akanusa kiti cha Ngiri. Nuuf! Kiti baridi. Akanusa kiti cha Nyani. Nuuf! Koti lile lilikuwa limevaliwa miaka na miaka, halijawahi kufuliwa. Lilinuka Nyani kuliko Nyani mwenyewe.

"Nyani yupo!" akasema Kifaru. Jioni akarudi. Nuuf! "Nyani bado yupo! Mchana kutwa hajainuka. Huyu ndiye mfanyakazi bora!"

Ngiri akarudi, vumbi mwili mzima, shingo inamuuma. Akakuta onyo.

"Mkurugenzi," akasema Ngiri, "mimi nilikuwa kisimani."

"Ndiyo maana nakuonya," akasema Kifaru kwa upole. "Ulikuwa kisimani. Yaani hukuwepo kazini."

Ngiri akamwona Nyani amerudi, anapita mlangoni. Akamfuata Nyani nje. "Kaka, hebu niambie. Wewe umefanyaje?"

Nyani akamung'unya kokwa ya zambarau, akaitema: ptu! "Sikufanya kitu, ndugu yangu. Hiyo ndiyo kazi yenyewe siku hizi. Una koti?"

"Sijawahi kuvaa koti toka nizaliwe."

"Basi mtafute fundi."

Ngiri akaenda kwa Mnana, yule ndege anayejua kufuma. Mnana akamfumia koti la nyasi, pana, lenye mfuko mmoja. Ngiri akalisugua kwapani. Akalisugua shingoni. Akalilalia. Lilipokolea harufu, akalipeleka ofisini, akalitundika kwenye kiti. Kisha yeye na Nyani wakaongozana kwenda kwenye mizambarau. Nyani anakula juu ya mti, Ngiri anakula zinazoanguka chini.

Kifaru akapita. Nuuf! "Nyani yupo." Nuuf! "Na Ngiri naye yupo! Amejirekebisha."

Kuanzia hapo, ofisi ya Kikavuni ikawa ofisi ya mfano. Viti havikuwa vitupu hata siku moja. Makoti yalifika mapema kuliko jua, kwa sababu hayakuwa yameondoka. Makoti hayakugombana. Makoti hayakuomba ruhusa ya kwenda msibani. Kifaru akaagiza yaletewe karanga kila asubuhi. Makoti hayakuzigusa.

"Tazama wanavyojali kazi," Kifaru akamwambia Kasuku. "Hata karanga hawaonji!"

"Hata moja, Mkurugenzi," akasema Kasuku, akafuta mdomo kwa bawa. Kasuku alikuwa ameanza kunenepa.

Koti la Nyani likapandishwa cheo. Likaitwa Mvuta Kamba Mwandamizi. Likapelekwa semina ng'ambo ya vilima. Lilibebwa likienda, likabebwa likirudi, limejikunja kidogo mgongoni. Kifaru akalinusa, akasema, "Mnaona? Ameelimika."

Na maji je, wanangu?

— Hakuna!

Hakuna. Kifuniko kimefungwa. Kamba imekauka. Wanyama wakaanza kupanga foleni mbele ya ofisi. Na mapokezi yupo Kasuku, na Kasuku ana jibu moja tu.

"Namtaka Bwana Nyani."

"Yupo! Ametoka kidogo. Kaa kwenye benchi."

"Basi namtaka Bwana Ngiri."

"Yupo! Ametoka kidogo. Kaa kwenye benchi."

Masika, walivumilia. Kulikuwa na madimbwi. Kisha likaja jua. Jua la kuwamba ngozi. Madimbwi yakakauka kau. Majani yakakunjamana. Umande ukakatika.

Hapo ndipo akaja Mama Digidigi.

Digidigi mnamjua? Kanyama kadogo, kana miguu kama vijiti, kana macho makubwa. Digidigi si mnyama wa kusumbua kisima. Yeye hulamba umande kwenye majani, akatosheka. Ukimwona digidigi amekuja kuomba maji ofisini, ujue mbuga imekauka kwelikweli.

Alikuja na mwanawe, Kidoti. Pua ya mtoto wa digidigi, akiwa mzima, huwa mbichi, inang'aa kama kokwa iliyotemwa sasa hivi. Pua ya Kidoti ilikuwa kavu. Ilikuwa imepasuka. Kidoti hakuruka, hakulia. Alitembea hatua chache, akakaa. Akatembea, akakaa.

"Hodi, Bwana Kasuku," akasema Mama Digidigi. "Mwanangu ana kiu. Namwomba anayevuta kamba."

"Yupo! Ametoka kidogo. Kaa kwenye benchi."

Kwenye benchi alikuwepo Bi Kobe. Bi Kobe anaweza kukaa muda mrefu bila maji. Hiyo ndiyo bahati yake, na ndiyo balaa yake. Alikuwa amesubiri mpaka buibui akafuma utando kati ya gamba lake na mguu wa benchi.

"Sogea huku, mwanangu, kuna kivuli," akasema Bi Kobe. "Ni mara yako ya kwanza?"

"Ndiyo, shangazi. Wewe umekuja lini?"

"Mimi?" Bi Kobe akanyoosha shingo kwa fahari. "Mimi ni mteja mwandamizi. Nimekuja benchi hili likiwa jipya. Hilo tundu unaloliona, nimelitoboa mimi kwa kukaa."

"Na maji umepata?"

"Maji bado. Lakini wananisalimia kwa jina."

Mama Digidigi akakaa. Jua likapanda. Jua likashuka. Wakafukuzwa ofisi ilipofungwa, wakalala nje. Asubuhi wakarudi benchini.

"Namtaka Bwana Nyani."

"Yupo! Ametoka kidogo."

"Jana uliniambia hivyo hivyo."

"Na jana ilikuwa kweli, mama. Kwa nini leo iwe uongo?" Kasuku akavunja karanga: kwach!

Kidoti akalaza kichwa kwenye kwato za mamaye. Akasema polepole, "Mama, ulimi umenata."

Mama Digidigi akainuka. Hakubisha hodi. Akaingia moja kwa moja kwa Mkurugenzi, mtoto amemwegemea ubavuni.

Kifaru akanusa. Nuuf! "Karibu, Mama Digidigi. Una shida gani?"

"Mkurugenzi, mwanangu anakufa kwa kiu. Kisima kimefungwa. Watumishi wako hawapo."

"Hawapo?" Kifaru akashangaa kabisa. "Mama, hawa ndio watumishi bora tuliowahi kuwa nao. Njoo."

Akampeleka chumba cha pili. Akaelekeza pembe kwenye kiti. "Nuuf! Bwana Nyani huyu hapa. Mweleze shida yako."

Mama Digidigi akalitazama koti. Koti likaning'inia. Kimya, jii.

"Mkurugenzi," akasema, "hajibu."

"Mtumishi makini hakurupuki kujibu. Anatafakari."

"Mkurugenzi, hili ni koti."

"Najua amevaa koti. Ni mtu nadhifu sana."

"Basi nusa pua ya mwanangu. Inuse tu, uone ilivyokauka."

Kifaru akarudi nyuma, amesikitika. "Pole, mama. Ningependa. Lakini mimi kazi yangu ni kunusa viti. Nikianza kunusa pua za wateja, viti atavinusa nani?" Kisha akainama, akasema kwa sauti ya chini, "Hata mimi nina kiu. Mtungi wangu umekauka. Nimeomba maji hapa hapa ofisini, nikaambiwa nisubiri. Nafurahi! Inaonyesha hawana upendeleo."

"Si ungekisukuma mwenyewe hicho kifuniko? Una nguvu kuliko Ngiri."

"Kifuniko ni cha Ngiri. Nikikisukuma mimi, yeye atafanya nini?"

Mama Digidigi akageuka. Akamtazama mwanawe. Akalitazama koti. Akamtazama Kifaru. Halafu akauliza kwa adabu sana, "Mkurugenzi, naweza kwenda na Bwana Nyani kisimani?"

"Bila shaka! Ndiyo kazi yake."

"Na Bwana Ngiri?"

"Nenda nao wote. Mimi nimeruhusu."

Mama Digidigi akalidaka koti la Nyani kwa meno, akalivuta kwenye kiti. Kwaru, kwaru, kwaru, likaburuzwa sakafuni. Akatoka mapokezi.

"Mama!" Kasuku akapiga kelele. "Unampeleka wapi mheshimiwa?"

"Anatoka kidogo," akasema Mama Digidigi, koti mdomoni. "Bi Kobe, shangazi yangu, kuna lingine ndani. Nisaidie."

Bi Kobe akafikiri. Alikuwa hajainuka siku nyingi. Akasema, "Nikiondoka, nitapoteza nafasi yangu."

"Shangazi, nafasi ya nini?"

Bi Kobe akafikiri tena. Utando wa buibui ukakatika: pwi! Akaingia ndani, akalivuta koti la Ngiri, likamfunika mwili mzima. Akatoka. Waliokuwa kwenye foleni wakaona koti linatembea lenyewe, polepole, chini chini.

"Mheshimiwa anapita!" wakasema, wakampisha njia. Wengine wakainama. Halafu foleni nzima ikageuka, ikafuata nyuma.

Wakafika kisimani. Mama Digidigi akaliweka koti la Nyani kando ya kamba. Bi Kobe akaliweka koti la Ngiri kando ya kifuniko. Wanyama wakazunguka, wakangoja.

Koti halikuvuta kamba.

"Mpeni muda," akasema Pundamilia. "Amechoka na safari."

Wakangoja. Upepo ukavuma, mkono wa koti la Nyani ukapepea kidogo. "Ameanza! Ameanza!" wakasema wengine. Upepo ukatulia. Mkono ukaanguka.

Kidoti akalala chini. Safari hii hakukaa kwanza.

Mama Digidigi akazunguka kisima. Ukingoni, kati ya jiwe na jiwe, palikuwa na ufa. Ndoo isingepita. Digidigi asingepita. Akalishika koti la Nyani, akalisukumia kwenye ufa, mkono mmoja kwanza, kisha mkono wa pili.

"Mwanangu!" akalia Bi Kobe. "Utamzamisha mtumishi wa umma!"

"Shangazi," akasema Mama Digidigi, "tumemwita kwa shida yangu, hakuja. Tumemwita kwa shida yako, hakuja. Labda shida ya koti itamleta."

Akasukuma. Koti likapita. Kimya kidogo. Halafu, chini kabisa: chubwi!

La Ngiri nalo likafuata: chubwi!

Sasa tuwaache pale kisimani, turudi ofisini.

Jioni hiyo jua lilikuwa bado juu ya vilima. Nyani na Ngiri wakarudi kutoka kwenye mizambarau, wakijinyoosha migongo ili waonekane wamechoka. Nyani midomo rangi ya zambarau, ulimi rangi ya zambarau. Na zambarau mnazijua. Ukila nyingi, kinywa kinakauka, ulimi unakuwa kama umefutwa kwa majivu.

Nyani akaingia chumbani. Kiti kitupu.

"Koti langu liko wapi?"

"Na langu?" akauliza Ngiri.

Wakasikia hatua za Kifaru: du, du, du. Hakuna muda! Nyani akaruka kwenye kiti chake, akakaa yeye mwenyewe, mzimamzima. Ilikuwa mara ya kwanza tangu masika. Ngiri akakaa cha kwake.

Kifaru akapita. Nuuf! Akasimama. Nuuf! Nuuf! "Nani ameweka matunda kwenye kiti cha Bwana Nyani?"

"Ni mimi, Mkurugenzi! Ni mimi Nyani."

"Nyani ananuka Nyani. Wewe unanuka zambarau. Tena mbivu."

"Nilikula kidogo tu!"

"Bwana Nyani hali kazini. Hata karanga haonji. Wewe ni nani?"

"Ni mimi! Nitazame!"

Kifaru akasogea, akakodoa macho. "Naona kichuguu," akasema. "Bwana Nyani yuko kisimani na mteja. Nimemruhusu mwenyewe. Toka kwenye kiti cha mtumishi wa umma, wewe zambarau. Na wewe zambarau wa pili, toka."

Wakatolewa. Nyani akakimbilia mapokezi. "Kasuku! Ndugu yangu! Mwambie mimi ni nani. Wewe unanijua."

Kasuku alikuwa na karanga mdomoni. Akalitazama lile jambo kwa upande mmoja. Akamtazama Nyani. Akatazama kisahani. Akajua fika kwamba Nyani akirudi kwenye kiti, karanga zitapata mlaji.

"Unamtaka Bwana Nyani?" akasema.

"Bwana Nyani ni mimi!"

"Yupo! Ametoka kidogo. Kaa kwenye benchi."

Basi Nyani akakaa kwenye benchi. Ngiri akakaa karibu yake, juu ya lile tundu la Bi Kobe. Benchi lilikuwa gumu. Jua lilikuwa linawapiga usoni. Ulimi wa Nyani ukanata.

"Kasuku, basi nipe maji ya kunywa."

"Maji anatoa Bwana Nyani."

"Niitie, basi!"

"Yupo! Ametoka kidogo."

Nyani akashika kichwa kwa mikono miwili. Akatazama vidole vyake, vidole vya kuvuta kamba. Akamtazama Ngiri. Ngiri akasema, "Kaka, hivi hawa wengine wamekuwa wakikaa hapa siku zote hizi?"

Nyani akalitazama benchi. Akainuka, akakimbia. Ngiri nyuma yake. Tifu, tifu, tifu, vumbi likainuka mpaka kisimani.

"Koti langu!" akapiga kelele Nyani. "Liko wapi koti langu? Bila koti mimi si mtu!"

Wanyama wakamwonyesha kisima kwa midomo.

"Limeingia kazini," akasema Bi Kobe.

Nyani akaweka sikio kwenye ufa. Akasikia maji. "Ngiri! Kifuniko!"

Ngiri akaweka bega. Alikuwa amenenepa kwa zambarau, lakini shingo haikuwa imesahau. Gruuuu! Kifuniko kikasogea. Nyani akatupa ndoo: chubwi! Akavuta: kriii, kriii, kriii. Ndoo ikatoka imejaa pomoni. Nyani akachungulia ndani.

Maji tu. Koti hakuna.

"Lo!" Akamwaga ndoo ile kwenye birika la kunyweshea, kwa hasira, pwaa! Akatupa tena.

Mama Digidigi hakungoja. Alikuwa ameshamsukuma mwanawe kwa kichwa mpaka kwenye birika. Kidoti akaweka ulimi kwenye maji. Akalamba mara moja, akapumzika. Akalamba tena. Halafu akaingiza mdomo wote, na pua, na nusu ya macho.

Kriii, kriii. Ndoo nyingine. Koti hakuna. Pwaa! Pundamilia akanywa.

Kriii, kriii. Koti hakuna. Pwaa! Mbuni akanywa.

Wanyama wakaanza kumwimbia:

"Koti, koti, toka!"

— Bado, bado, vuta!

"Koti, koti, toka!"

— Bado, bado, vuta!

Haya, wanangu, msaidieni Nyani kuvuta. Koti, koti, toka! Bado, bado, vuta! Hivyo hivyo. Maana koti likilowa huzama, na kadiri ndoo inavyokoroga, ndivyo linavyokwepa. Nyani akavuta mpaka foleni nzima ikanywa ikamalizika. Yeye mwenyewe akanywa katikati, akatia kichwa ndani ya ndoo. Maji yalikuwa na ladha ya koti kidogo. Hakuna aliyelalamika.

Mwisho kabisa, kriii, kriii, ndoo ikatoka na koti la Nyani, chepechepe, na la Ngiri limejisokota nalo kama kamba.

Na huko ofisini, Kifaru aliinua kichwa. Nuuf. Nuuf! Kulikuwa na harufu ambayo hakuwa ameisikia tangu masika. Harufu ya tope bichi. Miguu ikamchukua yenyewe, du, du, du, mpaka kisimani.

Akanusa koti la Nyani. "Hili halina mtu," akasema. "Ni maji tu." Akanusa aliyelishika. Alikuwa ameloa jasho toka kichwani hadi mkiani, na jasho lilikuwa limeosha zambarau yote. Nuuf! "Nyani! Huyu ndiye Nyani! Ulikuwa wapi muda wote huu?"

Nyani akatazama chini. "Mkurugenzi... nilitoka kidogo."

Mbuga nzima ikacheka. Ngiri alitaka kucheka, akakumbuka na yeye, akaacha.

Kifaru hakucheka. Alisimama pale kwenye tope, kichwa kimeinama, pembe karibu iguse ardhi. Alikuwa anaanza kuelewa, na kuelewa kulikuwa kunamuuma kuliko kiu.

Mama Digidigi akamsogelea. Hakumkaripia. Akasema tu, "Mkurugenzi, sasa nusa pua ya mwanangu."

Kifaru akashusha pua yake kubwa, polepole, mpaka ikagusana na ile ndogo. Nuuf.

"Mbichi," akasema.

Kidoti akapiga chafya. Akaruka. Akaruka tena, akaanguka, akainuka, akakimbia kumzunguka Kifaru.

Tangu siku ile Kifaru aliacha kunusa viti. Kila jioni alikwenda birikani, akasimama mahali wanyama wanapopita wakitoka kunywa, akanusa pua. Pua mbichi, pita. Pua mbichi, pita. Akikuta pua kavu, anauliza, "Ulihudumiwa na nani?" Viti vilitolewa nje, wakakalia wazee na wajawazito wanaposubiri zamu. Kasuku akapungua mwili. Bi Kobe alikunywa akashiba, halafu akarudi kwenye benchi lake, akisema amelizoea tu. Na koti la Nyani likaanikwa, likakauka, likasinyaa, likawa dogo hata Nyani mwenyewe asiweze kuingiza mkono. Akampa Kidoti. Wakati wa baridi ungemwona Kidoti amelivaa, mikono inaburuza chini.

Wanangu, na ninyi wakubwa kule nyuma, maana yake ni hii. Kiti kilichojaa si kazi. Kazi ni yule aliyekuja na shida, akaondoka bila shida. Anayepima kiti atapata makoti, na yatakuwa makoti mazuri sana. Anayemwangalia mwenye kiu atapata maji.

Hadithi yangu imefika kisimani, imekunywa, imelala hapo.

Nina ombi moja dogo. Mtakua. Wengine wenu mtapewa kiti, na meza, na mlango wenye foleni. Siku hiyo mkisahau Kifaru, sawa. Mkimsahau Kasuku, sawa. Lakini pua ya Kidoti, tafadhali, mnikumbukie hiyo.